Kiapo Nilichokisema kwa Simu

Mkwe wangu aliposimama kugombea ubunge kwao, nilikwenda shule ya msingi iliyo nyuma ya soko la Ekerenyo nikamwomba mwalimu anionyeshe nchi hiyo kwenye ramani ya ukutani. Akatafuta kwa kidole, akatafuta kwa rula, mwisho akaniambia kwamba upande ule wa bahari ya Pasifiki mchwa waliula zamani. Nikarudi nyumbani nikawaambia watu nimeiona.

Mimi nilisoma hadi darasa la tatu. Kutoka hapo nilikanyaga udongo wa matofali. Matofali yalinipa ng'ombe, ng'ombe akanipa kipande cha kwanza cha shamba, nikapanda chai, na chai ikasomesha watoto sita bila harambee hata moja. Nayasema haya kwa sababu wako watu hapa Nyamira wanaosema nilisaidiwa. Sikusaidiwa na mtu.

Binti yangu wa pili alisomea uuguzi. Kanisa letu la Kisabato lina hospitali kila mahali, na hata katika visiwa vya huko kuna moja, ndogo, iko ufukweni, wagonjwa wanaletwa kwa mashua. Akapelekwa huko kwa miaka miwili. Miwili ikawa minne, na katikati ya hiyo minne akaolewa na mwalimu wa sekondari wa kisiwa hicho hicho, mtu mweusi kama sisi, muumini mwenzetu. Mimi sikupenda. Nilimwambia kwamba mwanamke akiolewa mbali hata kilio chake hakisikiki. Lakini huyo kijana alipanda ndege akaja mpaka kwangu na mikeka ya kusuka na bei ya ng'ombe mkononi, akakaa siku tatu. Siku ya kwanza alinyoosha mkono kumsalimu mke wangu. Kwetu mkwe hamshiki mama mkwe mkono. Mama wa watu akakimbia akaingia migombani, na mgeni akabaki na mkono hewani akidhani ameonekana ana ugonjwa. Tulicheka sana. Nikampenda kuanzia hapo.

Wakati ule ulikuwa msimu wa kampeni kwetu, na kazi yangu ya kampeni inajulikana. Nimesaidia wabunge watatu kuingia. Sikusaidia kwa hotuba, maana sijui hotuba. Najua egesaku. Egesaku ni ukoo, na kura za hapa zimelala kwa koo kama ng'ombe wanavyolala zizini, kila mmoja na mahali pake. Mgeni wangu aliniuliza mambo hayo jioni baada ya jioni, binti yangu, waliyekuja naye, akitafsiri, naye akisikiliza kwa makini kama mtoto wa shule. Nikamweleza na emuma.

Emuma ni kiapo chetu. Mtu anasimama mbele ya omotembe, ule mti wa miiba wenye maua mekundu, anapigilia kigingi kwenye shina lake, anasema: nikila vya huyu na kumpigia kura mwingine, emuma inile mimi na nyumba yangu. Sheria inakataza jambo hilo na kanisa linakataza, kwa hiyo tulikuwa tunalifanya siku za kazi. Lilifaa. Mtu anaweza kumdanganya mgombea, lakini ule mti anaupita kila siku akienda kuteka maji.

Miaka mingine ikapita. Binti yangu akazaa msichana, wakampa jina la mama yangu, na tangu siku hiyo mtoto huyo nikiongea naye kwa simu namwita mama. Akazaa tena, mvulana. Ndipo siku moja akanipigia akaniambia mume wake ameacha ualimu ili agombee.

Uchaguzi wao niliuelewa upesi. Jimbo lao ni visiwa vitatu na vipande vya pwani, wapiga kura ni wachache kuliko watu wa soko moja la hapa siku ya mnada. Chama si kitu, mtu anachaguliwa kwa uso wake na kwa alicholeta: mchele, mabati, taa za sola, petroli ya mashua. Mbunge aliyekuwepo alikuwa na vyote hivyo. Mkwe wangu alikuwa na mchele kidogo na jina zuri. Na alikuwa ameacha kazi, na nyumba waliyokaa ilikuwa ya shule. Akishindwa, binti yangu na watoto wanatoka nje na vyombo vyao kichwani.

Aliniambia yote hayo kwa sauti ya kawaida, ila mwishoni akasema, "Tata, kuna kijiji ng'ambo ya ghuba. Wamekula mchele wetu na wamekula wa yule mwingine. Hicho ndicho kitatumaliza."

Tata ni baba. Hata kama ana watoto wawili na cheo cha sista mkuu, akisema tata nakuwa kama mtu aliyeitwa kutoka usingizini. Nikamwambia: walisheni kiapo.

Alikataa. Alisema yeye ni mtoto wa kanisa, na kwamba mambo ya emuma hayajui zaidi ya yale machache aliyonitafsiria, maana alikulia bweni la shule. Hilo la bweni lilikuwa kweli, nami nililisikia likapita. Nikamwambia ampe mume wake simu. Mume wake hakuhitaji kushawishiwa, alikuwa anakumbuka kila neno la zile jioni tatu. Baada ya siku mbili binti yangu akanipigia tena, sauti imekuwa ndogo. Akasema mti uko. Mti wenyewe, au ndugu yake: miiba ile ile, maua mekundu yale yale, umeota kwenye uwanja wa kile kijiji. Nilimwambia Mungu hakosei kupanda.

Siku ya kiapo nilikuwa kwenye kituo cha kuuzia majani chai, nimeketi juu ya gunia langu nikisubiri lori la kiwanda. Kwetu ilikuwa saa tano asubuhi, kwao jua limekwisha kuzama. Wanaume wenzangu kama kumi walikuwepo. Simu ikalia, nikaiweka sauti juu ili wote wasikie. Sitadanganya kuhusu hilo. Nilitaka wasikie.

Nilisimama. Nikasema maneno ya kiapo kwa Ekegusii, kipande kwa kipande, na huko mbali sana binti yangu akayageuza katika lugha yao, na baada yake tukasikia nyundo. Moja, halafu kimya, halafu mtu mwingine anasogea, nyundo tena. Familia moja moja. Karani wa mizani aliacha kupima.

"Omogaka," mmoja akaniambia nilipomaliza, maana ndivyo mzee anavyoitwa kwetu, "hapa umetuchosha, sasa umevuka bahari. Utaacha lini?"

"Nikiishiwa na nchi," nikamwambia.

Wakacheka, nami nikakaa kwenye gunia langu. Wiki hiyo habari ilifika mpaka Itumbe.

Akashinda. Alishinda kwa kura ambazo ungeweza kuziita kwa majina, na zilitoka kile kijiji cha ng'ambo ya ghuba. Nilinunua kreti za soda nikaita majirani. Nilijiita mkwe wa mheshimiwa, na nikawaacha wengine waniite hivyo.

Sasa nitaeleza kosa. Emuma ina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Kwetu mtoto wa darasa la kwanza anajua hilo. Ukiapa, halafu nyumbani kwako mtu akaugua, na moyo unakuuma kwamba hukutimiza, unakwenda kwa mzee aliyekuapisha. Mnachinja mbuzi, unasema ulichofanya mbele ya watu, mzee anang'oa kigingi kwa mkono wake, mnakula nyama, kwisha. Hakuna anayekufa na hakuna anayemtafuta mchawi. Mimi niliwafundisha watu wa kile kisiwa namna ya kuingia. Namna ya kutoka sikusema, kwa sababu haikunipitia akilini kwamba kuna mtu mzima duniani asiyeijua. Na aliyesema yale maneno kwao hakuwa mimi. Mimi nilikuwa kelele kwenye simu. Waliyemwona kwa macho na kumsikia kwa masikio ni mwanamke mgeni kutoka Afrika.

Wiki tatu baada ya kura, mtoto mmoja wa kile kijiji alikufa kwa homa. Malaria, binti yangu alisema, alimtibu mwenyewe, aliletwa akiwa amechelewa. Baba wa mtoto akakiri kwa watu kwamba alikuwa amempigia kura yule mbunge wa zamani. Basi wakaja hospitalini, wanaume na wanawake, bila panga wala fimbo, wakamwuliza binti yangu kwa heshima: hiki kitu chako kinaondolewaje?

Alinipigia saa ile ile. Nilikuwa shambani napogoa chai. Akaniuliza swali lile lile walilomwuliza.

Hapo ningejibu kwa sentensi moja. Mbuzi, maneno, mkono. Wao hawakuwa na mbuzi, walikuwa na nguruwe, na Msabato hagusi nguruwe, lakini hata kuku angetosha. Sikujibu hivyo. Nilifikiri kama mtu wa kampeni. Nilifikiri kwamba wakiking'oa leo, uchaguzi ujao hawataogopa. Nilifikiri pia kwamba watasema ushindi ulikuwa wa kigingi.

"Msing'oe," nikamwambia. "Mking'oa mmekiri. Acha waogope kidogo."

"Tata, hawa watu wamefiwa."

"Watu hufiwa kila mahali."

Nikasikia mawimbi upande wake, halafu akakata. Nikaendelea kupogoa.

Nami nilijua. Hilo ndilo linaloniamsha. Kisii na Nyamira tunajua watu wenye hofu wanafanya nini. Nikiwa kijana nimebeba matofali nilipita kijiji cha jirani nikakuta nyumba ya mwanamke mzee inawaka, na watu wamesimama kuizunguka kama wanaota moto wa baridi. Walisema amemloga mtoto wa shemeji yake. Mimi sikushusha hata mzigo. Nilipita.

Mtoto wa pili alipokufa hawakuja kuuliza. Mume wa binti yangu hakuwepo. Kule, uchaguzi ukiisha, wabunge wapya hufungiwa hotelini mjini, kambi moja huku na kambi nyingine kule, wasinunuliwe, mpaka waziri mkuu apatikane. Simu zao zinazimwa. Alikaa humo siku nyingi akila vizuri, na nyumba yake ilichomwa akiwa humo. Binti yangu alimtoa yule mdogo kwa dirisha, na mkono wake mwenyewe wa kushoto ukaungua kuanzia kiwiko hadi vidole. Yule msichana mkubwa hakuwa ndani, alikuwa kwa bibi yake mzaa baba, kisiwa cha pili. Wauguzi walimficha binti yangu na yule mdogo katika stoo ya dawa siku nne.

Mheshimiwa alipotoka hotelini alizungumza kwenye redio. Alisema jambo lile lilikuja na mke wake kutoka kwao, kwamba yeye ni mtu wa kanisa na hakulijua. Mtu aliyekaa kwenye benchi yangu jioni tatu. Nimemtukana sana mtu huyo, kwa lugha zote ninazozijua, na bado najua alichofanya. Alihesabu kura, kama nilivyomfundisha.

Kanisa likamtoa binti yangu kwa ndege. Nilikwenda kumpokea Kisumu. Alitoka na mfuko mmoja wa nailoni, mtoto mgongoni, mkono umefungwa bandeji. Nilitazama nyuma yake kumtafuta yule msichana. Nikaendelea kutazama mpaka abiria wote wakaisha na mtu wa kufagia akatokea.

"Wamemzuia," akasema.

Alikaa kwetu miezi miwili. Alipika, alifua kwa mkono mmoja, alimjibu mama yake. Mimi hakunijibu na hakunikosea heshima. Chakula changu kilikuja kwa wakati, kimefunikwa. Pale kituo cha majani wenzangu waliacha kunitania, na hapo ndipo nilipojua mambo ni mabaya, kwa sababu watu wa pale wanamtania hata mfiwa.

Kisha siku moja adhuhuri aliniletea uji shambani akabaki amesimama.

"Tata, kile kitu kinang'olewaje?"

Nikamweleza. Mbuzi, au hata kuku. Mtu anasema alichofanya. Aliyeapisha anang'oa kwa mkono. Mnakula.

Alikuwa anautazama mkono wake, ule ulioungua, ngozi yake imekuwa kama gamba la mti.

"Mbuzi mmoja tu?"

"Mmoja."

Akachukua kikombe nilichokuwa sijamaliza akamwaga uji chini, akakisuuza, akarudi nyumbani.

Jioni ile aliniambia anachotaka. Binti yake anasoma kisiwa cha pili, na shuleni wanamwita mtoto wa mchawi. Alitaka nimpigie mzee wa kile kijiji, nimwambie kwamba maneno yalikuwa yangu, na nikiondoe kile kitu kwa mdomo, kama nilivyokiweka kwa mdomo. Halafu nimwombe asaidie mtoto aje kwetu. Mimi, katika maisha yangu, sijawahi kumwambia mwanaume mwingine kwamba nilikosea. Hata mke wangu hajawahi kusikia. Nilimwambia nitafikiri. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba muda wa kufikiri ulikuwa siku ile ya kupogoa chai.

Tukapiga asubuhi ya Jumapili, sebuleni. Yule mzee alikuwa na sauti nzito, ya mtu anayevuta tumbaku. Nikasema: mimi ndimi baba yake. Yale maneno yalikuwa yangu. Yeye aliyabeba tu, hakuyajua. Mlipouliza njia ya kutokea, aliniuliza, nami nilikataa. Binti yangu akatafsiri kila kipande, macho yake ukutani, na alipofika kwenye "nilikataa" alilirudia neno hilo mara mbili.

Mzee akaniuliza, sasa afanye nini. Nikamwambia amtafute mtu aving'oe vigingi kwa niaba yangu.

Akasema mti waliukata. Waliukata wiki ile ya moto, wakauchoma pamoja na vigingi.

Kwetu hiyo ni mbaya kuliko kuacha. Kiapo kilichochomwa ndani ya mti hakina mahali pa kushikwa. Sikusema. Nilisimama pale sebuleni nikasema maneno ya kuondoa juu ya mti usiokuwepo, nikamaliza, nikamwambia, imekwisha. Binti yangu akanitazama kidogo kabla ya kutafsiri. Alikuwa amekwisha kujua mambo ya emuma sasa, mama yake alikuwa amemfundisha. Akatafsiri: imekwisha.

Mzee alishukuru. Alisema atawaambia watu, na kwamba shuleni mtoto hataitwa tena jina lile, yeye mwenyewe atakwenda. Nilimwamini. Kisha nikamwomba lile la pili, mtoto aje kwa mama yake.

Alijibu taratibu, na binti yangu akachelewa kunipa jibu.

"Anasema mtoto ni wa ukoo wa baba yake," akaniambia. "Anasema ng'ombe mlikula. Anauliza, kwenu ingekuwaje?"

Waliningoja wote wawili, yeye na ile sauti kwenye simu. Maisha yangu yote nimekaa kwenye vikao vya egesaku hapa Ekerenyo, na kila mama aliyekuja kudai watoto baada ya ng'ombe kupokelewa, nilikuwa wa kwanza kumwambia arudi alikotoka. Nilitafuta neno jingine. Katika Ekegusii sikulipata, na Kiswahili changu ni kile cha kuuzia matofali.

"Mwambie ingekuwa hivyo hivyo," nikasema.

Akamwambia.